Mgonjwa E: ini liliipokea jeni, kinga ikaifuata

Kuna wazo linalorudi kila mara kwenye utafiti wa magonjwa ya ini. Badala ya kumpa mgonjwa dawa zinazodhoofisha kinga ya mwili mzima, kwa nini tusiipeleke ndani ya seli za ini zenyewe jeni ya protini inayotuliza kinga, ili ini lijilinde huko huko? Kwa panya wazo hili limeonyesha matunda. Ukimdunga panya konkanavalini A, protini inayopatikana kwenye mbegu za mmea mmoja wa jamii ya kunde, seli zake T, ambazo ni seli nyeupe za kinga, huamka kwa mkupuo na ndani ya saa chache ini huanza kuharibika. Panya aliyetanguliziwa jeni ya interleukini-10, mojawapo ya protini hizo za kutuliza, huumia kidogo kuliko mwenzake.

Mimi huwaambia wanaolishabikia wazo hili wasome kwanza kisa cha mtu ambaye hakutibiwa ugonjwa wa ini kabisa. Alikuwa na hemofilia. Kwenye ripoti iliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Nature Medicine anatajwa kwa herufi moja tu, E, na kilichompata kinaeleza vizuri kuliko jaribio lolote la panya kwa nini kulilinda ini kwa jeni ni kazi ngumu.

Mistari miwili kwenye chati

Mwenye hemofilia B hatengenezi vya kutosha protini ya kugandisha damu iitwayo Faktari IX. Aliye na chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida huhesabiwa mgonjwa mkali. Damu humvujia kwenye magoti, vifundo vya miguu na viwiko hata kama hajajigonga popote. Akivuka asilimia 5 anaingia kundi la wagonjwa wepesi, na maisha yake yanabadilika. Kwa hiyo tiba haihitaji kurudisha kila kitu, inahitaji kurudisha kidogo, na kidogo hicho kitoke kwenye ini, maana ndiko protini hii hutengenezwa kwa kawaida.

Timu ya Katherine High wa Children's Hospital of Philadelphia, kwa kushirikiana na Mark Kay wa Stanford, ilitumia kirusi kidogo kiitwacho AAV, aina ya 2. Wakati huo kirusi hiki hakikujulikana kusababisha ugonjwa kwa binadamu. Jeni zake zote huondolewa, likabaki ganda la protini, yaani kapsidi, na ndani yake huwekwa jeni ya Faktari IX. Ganda hilo pamoja na jeni iliyomo ndilo huitwa vekta. Mzigo huo ulipitishwa kwa katheta, mrija mwembamba, mpaka kwenye ateri ya ini. Waliotibiwa walikuwa watu 7, kwa dozi tatu: vekta bilioni 80, bilioni 400 na trilioni 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. (Jaribio liliwahi kusimama mapema kwa sababu nyingine kabisa: DNA ya vekta ilionekana kwenye shahawa ya mgonjwa wa kwanza. Ikatoweka baada ya muda, kazi ikaendelea.)

E alipewa dozi ya juu. Katika wiki za mwanzo Faktari IX yake ilipanda hadi takriban asilimia 11 au 12. Mtu aliyezaliwa na karibu sifuri sasa ini lake lilikuwa linatengeneza protini hiyo lenyewe. Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa habari ya ushindi.

Wiki ya 4 mambo yakageuka. Ukichora majibu yake ya maabara kwenye karatasi moja utaona mistari miwili inapishana. Mstari wa Faktari IX unaanza kuporomoka. Mstari wa ALT, kimeng'enya ambacho mahali pake ni ndani ya seli za ini na kikionekana kwa wingi kwenye damu maana yake seli zimepasuka, unaanza kupanda, unafika kileleni karibu na wiki ya 5, kisha unashuka wenyewe taratibu bila dawa yoyote. Wiki chache baadaye ALT ilikuwa imerudi kawaida, na Faktari IX nayo ilikuwa imerudi ilikotoka, chini ya asilimia 1.

Muda wote huo E hakuumwa. Hakuwa na manjano machoni, wala homa, wala maumivu ya tumbo. Bila kupima damu yake mara kwa mara hakuna ambaye angejua kwamba kitu kimetokea. Angeonekana tu kama mtu ambaye tiba ilimkataa.

Inafaa kuiangalia zaidi ile mistari miwili, kwa sababu saa zake hazifanani. Faktari IX hupungua kwa nusu kwenye damu ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo kipimo chake kinakueleza hali ya kiwanda ya leo au ya jana. ALT hukaa zaidi. Huchukua takriban siku mbili kupungua kwa nusu. Kwa maana hiyo E alikuwa amebeba ndani ya damu yake taarifa mbili za tukio moja: moja inasema seli zinapasuka, nyingine inasema seli zinazopasuka ni zile zile zilizobeba jeni. Wagonjwa wengi wa ini hawana taarifa ya pili. Daktari anaona ALT imepanda na hajui ni seli zipi zinakufa.

Nani alilishambulia ini hilo?

ALT ikipanda, orodha ya washukiwa huwa ndefu: virusi vya homa ya ini, dawa, pombe, mafuta kwenye ini. Kwa watu wenye hemofilia wa kizazi kile swali la virusi halikuwa la kupuuzwa, kwani wengi wao waliambukizwa homa ya ini aina ya C kupitia dawa za kugandisha damu zilizotengenezwa kutokana na damu za wachangiaji wengi. Lakini hakuna hata mmoja wa washukiwa hao anayeeleza kwa nini Faktari IX ipotee moja kwa moja. Ini lililovimba kwa kiasi kile huendelea kutengeneza protini zake, na likipona hurudi kama lilivyokuwa. Hapa ini lilipona, jeni haikurudi.

Mshukiwa wa pili alikuwa Faktari IX yenyewe. Mwili ambao haukuwahi kuiona protini fulani ikiwa kamili unaweza kuichukulia kama mgeni. Ni hofu ya kweli kwenye hemofilia. Wapo wagonjwa wanaotengeneza kingamwili dhidi ya dawa yao wenyewe. Kwa E kingamwili hizo zilitafutwa, hazikuonekana.

Akabaki mshukiwa ambaye wengi walikuwa hawamfikirii: gari, wala si mzigo. Kapsidi ikishaingia kwenye seli ya ini huvunjwavunjwa, na vipande vyake hupandishwa juu ya uso wa seli kama ilivyo kwa protini nyingine yoyote inayovunjwa humo. Seli T za CD8, ambazo kazi yake ni kukagua nyuso hizo na kuua seli iliyovamiwa na kirusi, haziwezi kujua kwamba kirusi hiki kimekwisha tolewa jeni zake. Zinaona kipande cha AAV, zinaua. Na watu wengi hukutana na AAV ya asili utotoni, kwa hiyo seli za kumbukumbu dhidi yake zinakuwa zimelala mwilini kwa miaka mingi zikingoja.

Dhana hiyo ilijaribiwa kwa mgonjwa mwingine, aliyeandikwa G. Yeye alipewa dozi ndogo kuliko ya E, na safari hii seli za damu yake zilifuatiliwa kwa karibu tangu mwanzo. Kipimo kilichotumika kinastahili kuelezwa. Seli nyeupe za mgonjwa huwekwa kwenye sahani yenye vishimo vidogo, kisha huongezewa vipande vya protini inayoshukiwa. Seli T inayokitambua kipande hutoa interferoni gama, na pale ilipokaa hubaki doa la rangi. Unahesabu madoa. Kishimo chenye vipande vya kapsidi kikijaa madoa na kile chenye vipande vya Faktari IX kikabaki cheupe, umepata jibu lako. Kwa G ndivyo ilivyokuwa: ALT ilipanda kidogo, na seli zilizoongezeka zilikuwa zile zinazoitambua kapsidi. Mwaka 2007 Federico Mingozzi na wenzake walionyesha kwa undani zaidi jinsi seli hizo zilivyopanda na kushuka sambamba na vimeng'enya vya ini.

Si kila mtu alikubali mara moja. Mwaka huo huo wa 2007 makundi kadhaa yalijaribu kuirudia hali hiyo kwa panya: wakawachochea panya watengeneze seli T dhidi ya kapsidi, halafu wakawapa vekta. Seli T zilikuwepo, ini halikushambuliwa inavyotakiwa, jeni ikaendelea kufanya kazi. Mbwa wenye hemofilia nao walikuwa wamekaa miaka mingi na jeni zao bila tatizo. Panya na mbwa si wenyeji wa AAV2, hawana kumbukumbu tunayoibeba sisi, na hakuna aliyewahi kulitengeneza vizuri tukio la E ndani ya banda la wanyama. Jambo hili huwa nalikumbuka kila ninaposoma kwamba jeni fulani imelikinga ini la panya dhidi ya kinga ya mwili. Panya huyo amepimwa kwa upande wa mzigo tu.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba ini lina sifa ya uvumilivu. Karibu robo tatu ya damu yake hutoka kwenye utumbo ikiwa imejaa protini za chakula na mabaki ya bakteria, na kama lingegombana na kila kimoja lingekuwa limevimba tangu siku ya kwanza. Wagonjwa waliopandikizwa ini kwa kawaida huhitaji dawa kidogo za kuzuia mwili usikikatae kiungo kuliko waliopandikizwa figo. Mingozzi huyo huyo, mwaka 2003, alikuwa ameonyesha kwamba kuipeleka jeni ya Faktari IX kwenye ini la panya kunaufundisha mwili kuivumilia protini hiyo. Sifa hizi zote ni za kweli, na pengine ndizo zilizomkinga E dhidi ya kutengeneza kingamwili za Faktari IX. Ila uvumilivu wa ini hufanya kazi zaidi kwa seli T zinazokutana na mgeni kwa mara ya kwanza. Seli ya kumbukumbu imeshaamua zamani.

Wiki chache za hatari

Hapa ndipo ninapoona thamani kubwa ya kisa hiki. Kama adui angekuwa Faktari IX, tatizo lingekuwa la kudumu, kwa sababu seli ingeendelea kuitengeneza kila siku. Kapsidi haitengenezwi upya. Imeingia mara moja, vipande vyake vitaonekana kwa wiki kadhaa, vitakwisha. Ukiweza kuizuia kinga kwa kipindi hicho tu, kapsidi itakwisha na jeni itabaki.

Amit Nathwani na wenzake, London na Memphis, waliichukulia hoja hiyo kwa vitendo. Walitumia kapsidi ya AAV8, wakaipitisha kwenye mshipa wa kawaida wa mkono badala ya ateri ya ini, na wakapanga mapema kwamba ALT ikianza kupanda mgonjwa apewe prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga, bila kusubiri. Matokeo ya watu 6 wa mwanzo yalitoka mwaka 2011. Kufikia ripoti ya mwaka 2014 walikuwa 10, na kati ya 6 waliopata dozi ya juu, 4 walipandisha ALT kati ya wiki ya 7 na ya 10. Prednisoloni ikaishusha upesi. Faktari IX ilipungua kwa baadhi yao lakini haikuzimika kama kwa E. Ripoti ya mwaka 2025 iliyofuatilia watu hao 10 kwa takriban miaka 13 inaonyesha protini ingali inatengenezwa kwa kiwango kilichotulia.

Dozi ya juu ya London ilikuwa trilioni 2 kwa kilo, ile ile ya E. Tofauti ya kapsidi ilichangia, sitaikana. Lakini tofauti nyingine ni kwamba kwa E hakuna aliyejua la kutafuta, na London walilisubiri tukio wakiwa na vidonge mkononi.

Tangu hapo steroidi zimekuwa sehemu ya tiba za AAV, ingawa hazihitajiki kwa kiwango kimoja. Katika jaribio kubwa la tiba ya hemofilia B iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, inayotumia AAV5, waliohitaji steroidi kwa sababu ya ini walikuwa 9 kati ya 54. Katika tiba ya hemofilia A iliyoidhinishwa mwaka uliofuata, nayo ya AAV5, wengi wa washiriki 134 walizihitaji. Kapsidi ya jamii moja, jeni tofauti, dozi tofauti, ini linajibu tofauti. Wala madoa ya kwenye sahani hayalingani na ALT kila mara. Wapo wenye madoa mengi na ini tulivu, wapo wenye ALT juu na sahani nyeupe. Kwa hiyo nikisema kapsidi ndiyo iliyomponza E, nasema kuhusu E na G. Sisemi kwamba kila ALT inayopanda baada ya tiba ya jeni ina chanzo hicho.

Na dozi ikipanda sana, steroidi huzidiwa. Tiba ya jeni ya kudhoofika kwa misuli kwa watoto wenye SMA, iliyoidhinishwa mwaka 2019, hutolewa kwa trilioni 110 kwa kilo, zaidi ya mara 50 ya dozi ya E, na prednisoloni huanza siku moja kabla ya dripu. Hata hivyo mwaka 2022 zilitangazwa habari za watoto wawili waliofariki kwa ini kushindwa kufanya kazi ghafla. Katika jaribio la ugonjwa mwingine wa misuli, XLMTM, wavulana wanne walipoteza maisha baada ya dozi kubwa, na shida ya nyongo kukwama ndani ya ini ilikuwa sehemu ya picha hiyo. Ugonjwa wenyewe huligusa ini tangu mwanzo. Hao si wagonjwa E. Kwao palikuwa na zaidi ya seli T za kumbukumbu. Ila wanaonyesha kwamba ini lenye kasoro ya awali halina nafasi ya ziada ya kuvumilia.

Tukirudi kwenye jeni ya kulilinda ini

Chukua sasa mgonjwa wa homa ya ini inayotokana na kinga ya mwili wake mwenyewe, ugonjwa ambao seli T zimeshaligeuka ini. Tunataka kumpelekea jeni ya kutuliza kwa kapsidi ya AAV. Kwanza, tunaongeza sababu nyingine ya seli T kuua seli za ini, mahali ambapo zimeshajaa na zimeshaamka. Pili, ALT ikipanda wiki ya 5 hatutajua kama ni ugonjwa umerudi au ni kapsidi. E alikuwa na Faktari IX ya kutuambia, huyu hana. Wagonjwa wenye ini lililovimba huachwa nje ya majaribio mengi ya AAV kwa sababu za aina hii hii, na sioni kosa.

Kuna jambo la tatu ambalo nadhani halizungumzwi inavyostahili. Jeni iliyoletwa na AAV kwa sehemu kubwa haijiungi na kromosomu. Inakaa pembeni ndani ya kiini cha seli. Seli ikigawanyika, jeni hiyo hainakiliwi pamoja na DNA nyingine. Panya aliyekatwa sehemu kubwa ya ini, ini likaota tena, hupoteza sehemu kubwa ya jeni aliyopewa. Ini la mtu mzima mwenye hemofilia limetulia, seli zake hugawanyika mara chache, na ndiyo maana ya miaka 13. Ini linaloshambuliwa kila siku linajijenga upya kila siku. Ungekuwa unaweka ulinzi mahali ambapo ulinzi unafutika kwa kadiri unavyohitajika. Na huwezi kurudia dozi, kwa kuwa baada ya ile ya kwanza damu hujaa kingamwili dhidi ya kapsidi, hudumu miaka, na huinasa vekta kabla haijafika kwenye ini.

Halafu upo ushindani. Prednisoloni pamoja na azathioprini huwatuliza wengi wa wagonjwa hawa, na kidonge kina sifa moja ambayo jeni haina: kinaweza kuachwa. Interleukini-10 inayotoka kwenye ini bila swichi ya kuizima, kwa mtu ambaye kesho anaweza kupata maambukizi makali au uvimbe wa saratani, ni jambo ambalo nisingependa kulisimamia.

Njia zinazonivutia ni mbili. Moja ni kuliacha ganda la kirusi na kutumia chembe za mafuta zinazobeba mRNA, yaani ujumbe wa muda unaoiambia seli itengeneze protini fulani. Chembe hizo zikiingia kwenye damu huelekea ini kwa wepesi. Dawa ya patisirani, iliyoidhinishwa mwaka 2018, hutumia njia hiyo kupeleka RNA ndogo kwenye seli za ini. Ujumbe wa mRNA hudumu siku chache, kwa hiyo unaweza kuutoa wakati wa shambulio na kuuacha ukishatulia. Chembe za mafuta nazo huchokoza kinga kwa namna yake, lakini kwa njia ambayo unaweza kuisimamisha.

Ya pili ni kuanza na ini lililo nje ya mwili. Siku hizi ini la kupandikizwa linaweza kuwekwa kwenye mashine inayolipitishia damu yenye joto la mwili kwa saa kadhaa kabla ya upasuaji. Vekta ikipitishwa hapo, kisha ini likasafishwa, kiasi kinachoingia kwenye damu ya mpokeaji ni kidogo, na dozi inahesabiwa kwa kiungo kimoja badala ya kilo zote za mtu. Mpokeaji ataanza takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usikikatae kiungo, na steroidi siku ile ile kwa sababu ya upandikizaji wenyewe, hivyo wiki ambazo vipande vya kapsidi vitakuwa bado juu ya seli zitamkuta tayari kinga yake imeshikiliwa. Seli za ini lililotoka tu kupandikizwa huwa zinagawanyika kurekebisha majeraha ya safari, na jeni itapungua kwa kiasi fulani. Lakini shambulio kali la mwili kulikataa ini hutokea zaidi katika wiki na miezi ya mwanzo, na jeni ya kulilinda ini hilo haihitaji kudumu miaka 13 ili iwe imefanya kazi yake.